Namna ya kuleta mawimbi na mkondo katika tangi la matumbawe la nyumbani

Mwana wa Shela aliuliza:

Salaam aleikum, ndugu zangu. Nimefuga samaki wa maji baridi kwa miaka mingi, lakini maji ya chumvi ni mgeni kwangu. Mwaka jana, hapa Hamburg ninapoishi, nilianzisha tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Kina cha maji nacho ni sentimita 50, yaani lita 300 kabla ya kutoa nafasi iliyochukuliwa na mawe. Nina pampu mbili za mkondo zilizoshikizwa kwa sumaku kwenye vioo vya ubavuni, zinatazamana, na zote mbili hufanya kazi kwa nguvu ileile usiku na mchana.

Taabu zangu ni mbili. Nyuma ya mawe kumeota utelezi mwekundu ambao nikiufyonza kwa mpira siku ya Jumamosi, ikifika Jumatano umesharudi. Mbele nako mchanga umefukuliwa hadi kioo cha chini kinaonekana, na tumbawe langu la Euphyllia, ambalo dukani lilikuwa limefunguka likijaa kiganja, limejikunja ndani ya mifupa yake. Maji yananizidi mbele na yananipungukia nyuma.

Nyumbani kwa rafiki yangu nimeona tangi ambalo uso wa maji hupanda upande huu na kushuka upande wa pili kama bahari yenyewe, nami nimeingiwa na tamaa. Je, mashine ya mawimbi ya namna hiyo itaniondolea taabu hizi, au ni pambo tu? Naomba mzingatie kwamba naishi ghorofa ya tatu, na jirani wa chini si mtu wa mzaha.

Bahari ya Maskati alijibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Usinunue kitu bado. Tumbawe halitembei, kwa hiyo chakula na oksijeni ni lazima viletwe lilipo na uchafu wake uje kuchukuliwa. Juu ya ngozi yake hukaa tabaka jembamba la maji yasiyosogea, na kila kinachoingia au kutoka mwilini mwake sharti kipenye hapo. Mkondo ukipata nguvu, tabaka hilo hupungua unene na tumbawe hupumua kwa wepesi. Hata hivyo, mkondo mkali unaopiga upande mmoja tu kama maji ya bomba huchubua nyama laini ya Euphyllia dhidi ya ncha za mifupa yake, na nadhani hicho ndicho kilichokupata.

Kuhusu kiasi, wafugaji wengi huanzia mzunguko wa mara 10 hadi 20 ya ujazo wa tangi kwa saa kwa matumbawe laini, na mara 30 hadi 40, pengine zaidi, kwa jamii ya Acropora, yaani matumbawe magumu yenye matawi. Kwako mara 30 ni lita 9,000 kwa saa. Hesabu hiyo usiiabudu, maana namba iliyo kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa mpya na mbele yake pakiwa wazi. Propela ikishaota chokaa, nguvu hushuka kidogo kidogo bila wewe kutambua. Mimi hulowesha pampu zangu katika siki iliyotiwa maji kila baada ya miezi mitatu, na kila mara hushangaa tofauti ninapozirudisha.

Jaribio lisilo na gharama ni hili: dondosha chembe chache za chakula nyuma ya mawe, uzifuate kwa macho, uhesabu sekunde zinazotumia kupita sentimita 60. Fanya vivyo hivyo mbele. Ukikuta mbele ni sekunde 3 na nyuma ni 20, utakuwa umeshajua kwamba pampu hazina kosa. Kosa ni mahali zilipo. Hamisha moja uiweke kwenye kona ya nyuma ipulize sambamba na kioo cha nyuma, na yavute mawe mbele walau upana wa vidole vinne ili maji yapate njia. Ile nyingine ipandishe karibu na uso wa maji, uielekeze juu kidogo, mchanga utatulia. Kisha uzipangie zamu kwa kidhibiti, moja ikipanda nguvu wakati mwenzake inashuka, ili kila tumbawe lipigwe leo kutoka kulia na baadaye kutoka kushoto. Utelezi mwekundu hautaisha kwa mkondo peke yake ikiwa unalisha kupita kiasi, lakini hupenda mno maji yaliyotuama.

Nahodha wa Mtwapa alijibu:

Mimi sina tangi, ila nimezamia mwamba wetu huku Mombasa tangu ujana, na ningependa kuongeza jambo ambalo wafugaji husahau. Hakuna mkondo mmoja wa mwamba. Nje ya mwamba, hasa wakati wa kusi, maji humpiga mzamiaji mbele na nyuma kila baada ya sekunde kadhaa, na matumbawe ya huko ni mafupi, yamebanana, matawi yake ni manene. Ukiingia ndani, kati ya mwamba na pwani, maji yakipwa hukuta vidimbwi vilivyotulia kabisa, na matumbawe ya humo yana umbo jingine. Tena bamvua likifika, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mahali palepale palipokuwa kimya asubuhi panakuwa na mkondo wa kukuvua miwani. Kwa hiyo ndugu yetu aamue kwanza anafuga wa nje au wa ndani. Kuwaweka pamoja mbele ya pampu moja ni kumtesa mmoja wao.

Fundi Vioo alijibu:

Nami naunda matangi hapa Dar es Salaam, kwa hiyo nitajibu sehemu ya mashine. Kile ulichokiona kwa rafiki yako si nguvu ya pampu. Kila tangi lina mwendo wake wa asili, kama bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo huleta mruko mkubwa. Kwa tangi la sentimita 120 lenye kina cha 50, maji huenda na kurudi kwa takribani sekunde 1.3. Pampu iliyo ubavuni ikisukuma mara moja katika kila mzunguko huo, maji huanza kuyumba, yakipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili.

Ni mwendo mzuri kwa matumbawe, kwa sababu maji yote husogea, hata yaliyo nyuma ya mawe, pasipo kulipiga tumbawe lolote kwa ukali. Lakini hesabu upande wa kioo. Kwa siku moja ni karibu mara 65,000 ambazo maji ya uzito wa kilo 300 yanahamia huku na huku, na silikoni ya kwenye kona ndiyo inayoyazuia. Nimewahi kufungua tangi la mteja ambalo kabati lake la mbao za kubandikwa lilikuwa limeanza kuachana kwenye viungio, na meza ilikuwa inayumba ukiigusa kwa kidole. Ukitaka kuweka wimbi, hakikisha kabati lina ubao wa mgongo, tangi lina mbavu za kioo juu, na kupanda kwa maji kusizidi sentimita moja au mbili. Liwashe saa chache mchana, si usiku kucha. Jihadhari pia na mlango wa maji yanayoshuka kwenye tangi la chini, lile la kuchujia lililo kabatini, kwani wimbi huyafanya yaingie kwa mikupuo na kugugumia, na hapo ndipo jirani yako atakapopanda ngazi.

Iko njia nyingine ya zamani, ile ya Bruce Carlson aliyekuwa kwenye akwariamu ya Waikiki huko Hawaii: ndoo iliyowekwa juu ya tangi hujazwa taratibu na pampu ndogo, ikifika kimo fulani bomba lililopindwa huanza kunyonya lenyewe na kumwaga maji yote kwa mkupuo. Haina kifaa kinachozunguka ndani ya tangi, nayo hukaribia sana wimbi la kweli. Ila huleta mapovu na kelele, hurusha chumvi ukutani, na uso wa maji hushuka na kupanda kila inapojaa na kumwaga. Kwa ghorofa ya tatu singeithubutu.

Mwana wa Shela aliandika tena:

Shukrani nyingi. Nilijaribu chembe za chakula jioni ileile: mbele sekunde 4, nyuma nilihesabu hadi 25 nikaacha. Nimehamisha pampu moja kwenye kona ya nyuma kama ndugu wa Maskati alivyoelekeza, nikavuta mawe mbele, na Euphyllia nimeiteremsha kwenye kivuli cha jiwe kubwa, kwa kuwa maelezo ya Nahodha yamenifanya nimwone huyu kuwa ni wa ndani. Sasa nyuma ni sekunde 8. Wimbi nililijaribu kwa dakika kumi nikiwa nimeweka kiganja kwenye kabati; niliposikia mbao zinasogea, nikalizima. Baada ya wiki tatu utelezi umebaki kwenye kipande kimoja tu chini ya pampu ya nyuma, na Euphyllia ilianza kufunguka siku ya tisa, kwanza upande ulio mbali na mkondo.