Funga isiyokwisha: ni deni au ni maradhi?

Matroni, Wete
Assalaam alaykum. Dahaliani kuna mwanafunzi wa miaka 16, anafunga tangu Mfunguo Mosi na sasa tumo Mfunguo Tatu. Anasema analipa deni. Akifuturu hula mbiombio, kisha huingia chooni na kufungulia bomba. Kabatini ana sanamaki, dawa ya kuharisha. Nimtazame nini, na nimlishe vipi?

Muuguzi, Chake Chake
Waalaykum salaam, matroni. Deni la hedhi ni siku saba, nane hivi. Miezi miwili si deni tena, huenda ni maradhi ya ulaji, na bomba ni la kuficha sauti ya kutapika.

Mtazame vifundo vya vidole vya mkono anaolia chakula: anayejitapisha hupata sugu pale meno yanapokwaruza. Chini ya masikio huvimba kama mwenye matumbwitumbwi. Usingoje akonde, wengi wao uzito wao ni wa kawaida kabisa. Faraghani muulize kama hedhi imekatika.

Mhesabu mapigo dakika nzima akiwa amepumzika. Yakiwa chini ya 50, au akizimia anapoinuka, au moyo ukimruka, hospitali siku hiyo hiyo. Kutapika na kuharisha humaliza potasiamu, madini yanayouendesha moyo, na bila hiyo moyo hupoteza mwendo.

Mtaalamu wa lishe, Unguja
Tafadhali msimshindilie chakula! Aliyekaa siku tano na zaidi karibu bila kula, akipewa sahani ya pilau, fosfeti ya damu, madini ambayo mwili huyahitaji kupata nguvu, huweza kuanguka ghafla na moyo ukashindwa. Damu ipimwe kwanza, daktari apange kianzio.

Akisharuhusiwa, ale milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, kwa saa maalumu: asubuhi uji wa maziwa, boflo na yai, saa nne ndizi na karanga. Kaa naye mezani, na baada ya kula abaki nawe saa nzima. Zungumzeni ya skuli. Ukimwambia "umenawiri", yeye husikia "umenenepa". Akitapika asukutue kwa maji, mswaki angoje nusu saa, tindikali imeshalainisha meno.

Ustadhi, Mkoani
Suratul-Baqara, aya ya 184: mgonjwa ale, alipe siku nyengine. Aambiwe mbele ya wazee wake, maana wao ndio watakaomlisha likizoni.

Muuguzi, Chake Chake
Naongeza la sanamaki. Haipunguzi mafuta, hufanya kazi utumbo mpana, chakula kimeshanyonywa juu. Kinachotoka ni maji na chumvi. Akiiacha, miguu inaweza kuvimba siku kadhaa. Mwambie mapema kwamba ni maji na yatashuka, la sivyo atatishika airudie.