Usukani wa gari la zamani umegoma kutoka kwenye shafti, nisaidieni

Kimulimuli86

Wakuu, salaam. Nina gari la saluni la mwaka 1986, halina eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kwenye usukani wakati wa ajali). Swichi ya indiketa imevunjika ndani: ukishakata kona haijirudishi, na ya kushoto haikai mpaka uishikilie kwa kidole. Swichi mpya ninayo tayari. Shida ni kwamba ili niifikie lazima usukani utoke kwanza.

Kifuniko cha honi nimeshakitoa, nati ya katikati imefunguka bila ugomvi wowote, nikajua kazi imeisha. Wapi! Usukani haujasogea hata kidogo. Nimevuta kwa mikono miwili, nimeutikisa kushoto na kulia, nimepulizia mafuta ya kulegeza kutu, umekaa vilevile. Nikimulika kwa tochi pale kitovu cha usukani kinapokutana na shafti naona unga mweupe, na chini yake kutu ya kahawia.

Jirani anasema nigonge ncha ya shafti kwa nyundo huku mtu mwingine akivuta. Mwingine anasema nikate. Kukata sitaki, huu ni usukani uliokuja na gari na haujapasuka popote. Hakuna njia ya kistaarabu?

Spana_Kumi

Nyundo mkuu, mbona rahisi. Gonga mara mbili tatu, unatoka.

Mzee wa Pula

Kimulimuli, usimsikilize Spana. Weka nyundo chini kwanza tuongee.

Magari mengi ya kuanzia mwisho wa miaka ya 60 shafti yake ya usukani imetengenezwa ijikunje gari likigonga, isije ikamchoma dereva kifuani. Marekani waliifanya kuwa sheria tangu tarehe 1 Januari 1968. Kwenye nyingi ya hizo, vipande viwili vya shafti vimeshikwa na vipini vya plastiki tu. Sasa wewe ukitwanga ncha kwa nyundo, vile vipini vitajua wapi kwamba hii si ajali? Vinakatika, usukani unaanza kucheza juu chini, na hapo umeshahama kwenye kazi ya swichi, uko kwenye kazi ya kushusha nguzo nzima ya usukani. Hata kama shafti yako si ya aina hiyo, beringi ya juu na nyuzi za nati havitakushukuru.

Huo unga mweupe ndio mshitakiwa wako. Kitovu ni aluminiamu, shafti ni chuma. Unyevu ukiingia katikati, aluminiamu inaliwa, na unga unaotoka unachukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyoliwa. Kumbuka pia ncha ya shafti ni koni yenye meno madogo, na nati imekuwa ikiukandamiza usukani kwenye hiyo koni miaka yote. Kwa hiyo kuvuta kwa mikono ni kujichosha mgongo.

Unachohitaji ni pula ya usukani, kifaa cha kung'olea: boliti mbili zinashika kitovu, skrubu ya katikati inasukuma ncha ya shafti. Chungulia kando ya shafti, utaona matundu mawili yenye nyuzi. Watu wengi hudhani ni ya kufungia kitu kilichopotea. Yamewekwa kwa ajili ya pula. Kwenye magari ya Japani mara nyingi ni boliti ya M8 (unene wa milimita 8), nyuzi zikiachana milimita 1.25, ya Kimarekani mengi ni ya inchi, 5/16. Zinakaribiana mno kwa unene, kwa hiyo anza kuingiza kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, si yenyewe, usilazimishe kwa spana. Ziingie nyuzi za kutosha, maana aluminiamu ikishikwa na nyuzi mbili tatu inang'oka. Ila zisiwe ndefu za kupitiliza zikaenda kugusa swichi huko chini. Na pula ya kucha, ile ya kushika pembeni, usiitumie kwenye mikono ya usukani. Itaipinda.

Kabla ya yote, nati uliyoitoa irudishe. Ndiyo, irudishe! Ifunge mpaka ilingane na ncha ya shafti, na ibaki nafasi kidogo kati yake na kitovu. Usukani uliokwama hautoki polepole, unaachia ghafla kwa mlio, na bila nati unakutana na meno yako. Vilevile nati inalinda nyuzi za ncha. Katikati ya skrubu ya pula na shafti weka kipande kidogo cha chuma laini, ili ncha isipanuke.

Kaza pula mpaka iwe ngumu, kisha acha. Hapa ndipo vijana hushindwa, wanataka kukaza tu. Chukua mashine ya kukaushia nywele upashe kitovu pande zote. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo kitovu kinaachia kabla shafti haijafuata. Tochi ya gesi hapana, pale pana waya, plastiki na grisi. Kaza robo mzunguko, pasha tena, subiri. Ikigoma iache imekazwa hivyo usiku kucha na mafuta ya kutu kidogo kwenye meno, asubuhi uendelee.

Dada Waya

Naongezea kwa watakaosoma na wana gari lenye eabegi: hayo ya Mzee yanakuja baadaye. Kwanza chomoa waya hasi wa betri na usubiri. Vitabu vya Toyota huandika angalau sekunde 90. Mimi husubiri zaidi, sina haraka na kitu kinacholipuka mbele ya uso wangu. Ukishaitoa eabegi ilaze upande wa pambo ukiangalia juu, na usiipime kwa mita.

Kimulimuli86

Mzee shikamoo. Matundu nimeyaona, yalijaa uchafu. Moja boliti inaingia vizuri, la pili inaishia njiani.

Mzee wa Pula

Marahaba. Safisha kwa tapu ya M8, kile chombo cha kukatia nyuzi ndani ya tundu, taratibu, mbele nusu mzunguko nyuma robo. Usitumie boliti yenyewe kusafishia.

Kimulimuli86

Umetoka! Ulilia kama fimbo kavu inavyovunjika, nikaruka, lakini nati iliudaka. Tapu ilitoa tope jeusi na vipande vya kutu, baada ya hapo boliti zote mbili zikaingia kwa vidole. Kilichouachisha ni joto, si nguvu. Swali la mwisho: kurudisha kuna masharti?

Mzee wa Pula

Yapo. Sugua meno kwa brashi ya waya mpaka unga wote utoke, paka grisi nyembamba sana. Matairi yawe yamenyooka, na swichi ya indiketa iwe katikati kabla hujaubandika usukani, la sivyo kile kidole cha kuzimia indiketa kitavunjika siku hiyohiyo. Nati kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Na unapokaza, usiegemeze usukani kwenye loki ya ufunguo. Mwite mtu aushike.

Spana_Kumi

Mzee, hiyo pula unaazimisha?