Mama anavimba miguu yote miwili kila jioni, nimnunulie dawa ya kukojoza?

Binti_wa_Mwisho

Wakuu habarini. Naombeni ushauri, na kama kuna wahudumu wa afya humu msinipite tafadhali.

Mama ana miaka 63, ni mtu wa presha kwa muda mrefu. Siku hizi miguu yake inavimba, yote miwili, kuanzia vidole hadi juu kidogo ya vifundo. Asubuhi akiamka imenywea. Mchana inaanza kujaa, na ikifika jioni viatu havipiti na soksi zinaacha mfereji kwenye ngozi. Ukimbonyeza kwa kidole gumba panabaki shimo, na linachukua muda kufutika. Maumivu hana, ila analalamika miguu mizito na ngozi inavuta.

Sasa shoga yake kamtajia kidonge cha kukojoza, anasema yeye kilimkausha fasta. Mama kang'ang'ania nimnunulie. Kama haitoshi, amejinyima maji ya kunywa, kikombe kimoja kutwa, kwa hoja kwamba hayo anayokunywa ndiyo yanayoshukia miguuni. Mimi roho inasita kwa yote mawili, lakini sina hoja ya kumshinda mama. Mnasemaje?

Upepo_Mkali

Pole kwa kuuguza. Chemsha maji, tia chumvi nyingi, aloweke miguu yakiwa ya moto hasa. Chumvi inafyonza maji yote hayo.

Kigoda

Mama na mashoga zake wana chuo chao cha udaktari, hutawaweza 😂 Pole sana dada. Subiri wenye fani waje.

NesiMstaafu

Binti, umefanya vyema kuuliza kabla ya kwenda duka la dawa. Nijibu haya kwanza. Akilala chali anapumua vizuri au anapanga mito? Huwa anashtuka usiku akihema? Uso na kope vinavimba asubuhi? Mkojo una povu lisilokwisha? Tumbo limejaa? Uzito umepanda ghafla? Na kwa mgonjwa wa presha swali kubwa ni hili: anakunywa dawa gani, na mara ya mwisho walimbadilishia nini?

@Upepo_Mkali, hapana ndugu yangu. Chumvi ya kwenye beseni haivuti maji yaliyo ndani ya nyama, na maji ya moto yanatanua mishipa, kwa hiyo uvimbe unaweza hata kuongezeka. Mwenye kisukari ndiyo usimwambie kabisa, maana ganzi ya miguu itamfanya aungue bila kujua.

Binti_wa_Mwisho

Asante dada nesi. Anapumua vizuri, mto mmoja tu. Uso hauvimbi, tumbo liko kawaida. Povu nimemuuliza, anasema hajaliona. Dawa ni amlodipini. Alikuwa kwenye miligramu 5, kliniki wakampandisha hadi 10 kwa sababu presha ilikuwa haishuki. Ulivyouliza ndiyo napiga hesabu: uvimbe ulikuja baada ya hapo! Pia goti likimsumbua anajinunulia diklofenaki.

NesiMstaafu

Hapo umenipa vitu viwili vya kushuku kwa mkupuo.

Amlodipini inalegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile inayorudisha damu hailegei kwa kiasi hicho. Damu inaingia kwa wingi, inatoka kwa taabu, basi msukumo ndani ya kapilari, vile vimishipa vyembamba kabisa, unapanda na maji yanachuja kwenda kwenye nyama. Kwa kuwa maji hufuata mteremko, yanakaa miguuni. Miligramu 10 huvimbisha watu wengi kuliko 5, na wanawake hupatwa zaidi ya wanaume.

Sasa ona kwa nini kidonge cha shoga hakifai. Kama chanzo ni hicho, mwili wa mama haujajaa maji kupita kiasi, ni maji yaliyokaa pasipo pake. Dawa ya kukojoza kama furosemidi itamkamua maji ya kwenye damu pamoja na madini ya potasiamu, apate kizunguzungu na misuli kukaza, huku miguu ikibaki vilevile au ikipungua kidogo tu. Shoga yake pengine alikuwa na tatizo jingine kabisa.

Diklofenaki nayo, kama ilivyo ibuprofeni, inafanya figo zishike chumvi na maji, na inapandisha presha. Yaani inawezekana ndiyo imechangia presha isishuke, akaongezewa dozi, dozi ikamvimbisha. Mwambieni daktari habari ya goti, maana wagonjwa huwa hawaitaji.

ASIACHE amlodipini kwa uamuzi wake. Presha ikiruka, kiharusi hakingoji. Arudi kliniki. Wanaweza kumshusha dozi, kumbadilishia, au kumwongezea dawa ya kundi la losartani au enalapili, ambazo hulegeza na upande wa kurudisha damu. Na msije mkaenda mkiwa mmeshajipa jibu. Waombeni wapime protini kwenye mkojo, figo, ini na albumini (protini ya kwenye damu), na moyo wausikilize. Dalili nilizokuuliza ni za moyo, figo na ini kushindwa kazi. Kutokuwepo kwake kunatia moyo, lakini vipimo ndivyo vyenye neno.

Maji anywe kama kawaida. Anayepangiwa kiasi ni mgonjwa wa moyo au figo aliyeambiwa na daktari wake. Cha kubana ni chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ile ya kwenye mkate, nyama za kopo na vidonge vya kukolezea mchuzi.

Fundi_Cherehani

Niongezee kwa wanaosoma tu: wa mama ni miguu yote miwili. Mimi ulivimba mmoja, ghafla, kigimbi kinauma na kina joto. Nilidhani nimeteguka. Kumbe damu imeganda kwenye mshipa! Kipande kikichomoka kinakwenda mapafuni. Mguu mmoja usiupe muda, nenda siku hiyo hiyo.

Mama_Kijacho

Jamani na sisi wajawazito? Nina wiki 31, jioni miguu kama mito.

NesiMstaafu

Mama_Kijacho, kwa wengi ni hali ya kawaida ya ujauzito. Lakini baada ya wiki ya 20, ukivimba uso na mikono ghafla, kichwa kikiuma kisikome, ukiona vimulimuli au ukiumwa chini ya mbavu, usilale nyumbani. Presha na mkojo vipimwe hiyo hiyo siku.

Kigoda

Mimi kazi yangu ni ya kukaa kutwa, najua kidogo hapa. Watu wanaweka mguu kwenye stuli wanasema wameinua. Hujainua! Lala chali, miguu ipite usawa wa moyo, robo saa hadi nusu saa, urudie mara kadhaa kwa siku. Ukiwa umekaa, vuta vidole juu, sukuma chini, zungusha vifundo. Kigimbi ndiyo pampu ya kurudisha damu, na pampu hiyo inafanya kazi mguu ukitembea au ukichezeshwa. Kusimama wima pale pale hakusaidii.

Binti_wa_Mwisho

Nimerudi wakuu. Daktari amemrudisha kwenye 5, akamwongezea losartani, diklofenaki amepigwa marufuku na goti kapewa parasetamo. Mkojo hauna protini, figo ziko sawa, moyo nao umepimwa hauna shida. Uvimbe umepungua sana ingawa jioni bado upo kidogo. Maji anakunywa, japo kwa kununa.

Maswali mawili. Soksi za kubana zinamfaa? Na nimemnunulia ile chumvi mbadala yenye sodiamu kidogo ili asione chakula kimepooza, ni sawa?

NesiMstaafu

Nimefurahi mno. Soksi zinaweza kumfaa, ila kwanza wampime mapigo ya damu ya nyayoni, maana mwenye mishipa iliyoziba soksi itamharibia mguu. Anunuliwe kwa vipimo vya kifundo na kigimbi, si kwa namba ya kiatu. Azivae asubuhi kabla ya kushuka kitandani, azivue wakati wa kulala, na zisijikunje juu zikawa kama kamba. Ngozi apake mafuta, na katikati ya vidole pawe pakavu. Ngozi iliyovutika hupasuka upesi, na mpasuko mdogo ni mlango wa vijidudu.

Chumvi mbadala usimpe. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na losartani nayo hupandisha potasiamu kwenye damu. Ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Mrudishie chumvi ya kawaida kwa mkono mwepesi, kolezeni kwa ndimu, vitunguu saumu na tangawizi. Na muulize daktari ni lini arudie kipimo cha figo na potasiamu, maana wakishamwanzishia losartani hupimwa tena baada ya wiki chache.