Kaniita MZIGO getini. Na tiketi nimekata!

Wakuu, saa hizi ni saa nane usiku, nimerudi Sinza, usingizi hauji. Jina la mwandaaji wa tamasha la muziki nililotoka simtaji, mnamjua: yule wa mabango kwenye kila nguzo kuanzia Mwenge mpaka Posta, "njooni wote".

Tiketi 30,000, bei ile ile ya kila mtu. Bajaji imenishusha, nimekunjua kiti mwendo, mbele yangu ngazi kumi na moja. Nikauliza njia nyingine. Baunsa, kifua kama kabati la nguo, akashika redio koli: "Bosi, kuna mzigo hapa getini, upite wapi?" Na yule bwana akajibu, foleni nzima inasikia: "Mzigo upite kwa mizigo."

MZIGO. Mimi, baba wa watoto wawili.

Huko kwa mizigo kuna mbao pana, zimetandikwa kapeti zisiteleze, spika zinapandishwa na vimagurudumu vyake taratibu kama bibi harusi. Nikasema basi nami nipite hapo hapo. "Ngoja spika ziishe." Nimengoja spika kama elfu moja! Zilipoisha wakavuta zile mbao wakazitupia kwenye kenta. Kisha wawili wakaninyanyua bila hata kuniuliza, mmoja kwapani, mmoja miguuni, kiti changu kikabaki chini. Onyesho zima nimeona migongo na mikoba. Choo kiko ghorofani, sijagusa hata maji.

Spika ina magurudumu, mimi nina magurudumu. Spika ikapita, mimi nikaitwa mzigo.

Mchoma Mahindi: Mkuu, siku nyingine jifunike turubai useme we ni besi 😂😂

Dada wa Temeke: Pole sana kaka. Huyo huyo! Mama yangu ana fimbo, alisimama saa nne nzima, viti vyote "vya VIP".

Kinyozi Mbagala: Si uangalie YouTube tu nyumbani?

Mleta uzi: Wewe ungeitwa mzigo mbele ya watu ungeangalia YouTube?

Wakili wa Kona: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliridhia 2009, ibara ya 30 inataja kabisa utamaduni na burudani.

Kinyozi Mbagala: Hiyo ibara ingekuja na mbao.

Kimya Kingi: Mimi ni kiziwi. Watu huniuliza nafuata nini kwenye muziki. Nafuata besi, naipata kifuani na kwenye nyayo, ila mpaka nisimame karibu na spika. Kila mara naondolewa, eti nimeziba njia. Mkalimani wa lugha ya alama jukwaani sijamwona hata siku moja.

Mleta uzi: Unaona? Wewe umeziba njia, mimi mzigo.

Babu Singeli: Tatizo kubwa ni muda. Tangazo saa mbili, msanii anapanda saa saba!

Dada wa Temeke: Na bia ya moto, bei mara mbili.

Mchoma Mahindi: Afadhali nyie mlifika. Mimi nilikwama foleni ya mwendokasi.

Wakili wa Kona: Mwendokasi angalau kituo na basi vinalingana, kiti mwendo kinaingia.

Mchoma Mahindi: Kinaingia wapi, watu wamening'inia mpaka mlangoni?

Mleta uzi: Jamani, MZIGO!

Babu Singeli: Aliyeko Kimara asubuhi hii, magari yapo?