Tupeane uzoefu: mashine yako ya zamani umeiwekea Linux gani?

Mwanzisha uzi, Kilombero, Arusha
Wakuu habari. Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 uishe tarehe 14 Oktoba 2025, ukimpelekea fundi mashine ya zamani jibu ni moja: "Hii haipokei 11, tafuta nyingine." Kweli Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na ramu isiyopungua GB 4, lakini kioo kizima, kibodi nzima, niitupe? Waliohamia Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, mtupe ya kwenu. Tajeni ramu na kazi mnayofanyia. "Weka Linux tu" haisaidii mtu.

Mwenye steshenari, Mbuyuni, Moshi
Ramu GB 2, Lubuntu, Linux nyepesi ya ukoo wa Ubuntu. Haina madoido, inafungua upesi. Printa ya HP ilijitambua yenyewe, sikutafuta draiva. Kilichonisumbua ni faili za wateja: mtu analeta CV ya ukurasa mmoja kwenye flashi, ukiifungua kwa LibreOffice (ndiyo Word yetu huku) inamwagikia ukurasa wa pili, na yeye kasimama dirishani ana haraka na usaili. Kisa ni fonti. Kompyuta haina fonti ya Calibri, inaweka yoyote iliyo nayo. Wekeni fonti ya Carlito, upana wa herufi zake ni uleule, mistari inarudi mahali pake. Siku hizi hakuna mteja anayeuliza natumia nini.

Mwalimu, Usa River
Yangu ni mpakato mdogo wa prosesa ya Atom, ramu GB 1, ya kizamani ya biti 32. Hapo huchagui sana. Ubuntu na ndugu zake waliacha biti 32 zamani, na Linux nyingine, Debian 13 ya Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizi. Nikaweka antiX, Linux nyepesi. Kutunga mitihani na kujaza alama, safi kabisa. Msiba ni intaneti, ukurasa mmoja wenye video unameza ramu yote. Halafu kivinjari cha Firefox, toleo la 144 ndilo la mwisho kwa Linux ya biti 32, tumebakiziwa ESR 140, toleo lake la kudumu muda mrefu. Hii ni ya kuandikia, ya kuperuzi tumia simu.

Fundi, Sakina
Mnabishania majina wakati kinachowachelewesha ni ile diski ya kuzunguka. Chomoa, weka SSD, diski isiyozunguka, ndipo tuongee. Mwenye ramu GB 4 nampa Linux Mint ya muonekano mwepesi wa Xfce bila kumuuliza. Ila kabla ya kufuta Windows, washeni kwanza hiyo Linux kwa flashi mjaribu waifai, sauti na kamera. Waifai za Broadcom ni korofi. Ikigoma, chomeka simu kwa waya wa USB, washa intaneti ya simu, pakua draiva.

Mdau, Pasua
Na sisi ambao diski imekufa kabisa? Linux ya Puppy jamani. Inajipakia yote kwenye ramu kutoka kwenye flashi. Mdogo wangu anasomea PDF zake humo. Ila betri ikiwa mbovu na umeme ukakatika hujahifadhi, kazi imekwenda na maji.

Mwanzisha uzi
Fundi, yangu ina ramu GB 4. SSD ya GB 120 inatosha?

Fundi, Sakina
Inatosha na kubaki, Mint inaanzia GB 20. Njoo nayo, lakini uwe umeshahamisha vitu vyako. Sitaki kesi za picha za harusi.