Eti "Wayahudi walimuua Yesu na laana wanayo mpaka leo"? Walimu wa dini, acheni kuwalisha watoto wetu sumu

Wakuu, uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu. Hasira hii ninayo tangu Ijumaa Kuu na kila nikisema niiache, inarudi.

Kigangoni kwetu watoto wa Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto kanisani, huigiza mateso ya Bwana kabla ya ibada ya saa tisa. Mwaka huu mpwa wangu wa miaka tisa alipangwa kwenye kundi la "Wayahudi". Nilipofika nikamkuta kapakwa masizi usoni, kabandikwa ndevu za katani kwa gundi, anajikuna kidevu. Wenzake wa kundi hilo wote hivyo hivyo. Yesu na mitume wake wamevaa mashuka meupe yaliyopigwa pasi, nyuso safi zinang'aa mafuta. Na Pilato ndiye aliyependeza kuliko wote: shati jeupe, beseni la bluu, taulo begani, anaongea kwa upole kama daktari. Alipomaliza kunawa, akina mama wa mbele wakampigia vigelegele. Ijumaa Kuu, jamani! Hakimu aliyetoka kumpeleka mtu asiye na hatia msalabani anapigiwa vigelegele.

Kisha katekista akashika kipaza sauti. Akawanyooshea kidole wale watoto wenye masizi: "Mnawaona hawa? Hawa ndio waliomuua Bwana wetu. Wenyewe walisema damu yake iwe juu yao na watoto wao, na laana hiyo wanatembea nayo mpaka leo." Mpwa wangu akainamisha kichwa kama aliyefumaniwa. Njiani akaniuliza, "Mjomba, Bikira Maria alikuwa kabila gani?" Nikamwambia Myahudi. Hakusema neno tena mpaka tunafika nyumbani.

Ningemeza hayo. Lakini usiku, kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, mtu akarusha sauti ya mhubiri mmoja anayesema yaliyowapata Wayahudi chini ya Hitler ni malipo ya damu ile, na kwamba Hitler alikuwa fimbo tu mkononi mwa Mungu. Chini yake nilihesabu "Amina" saba. Za watu tunaozikana, tunaochangiana arusi. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Sasa tuongee.

Kinjikitile alinyongwa kule Mohoro mwaka 1905. Nani alimnyonga? Mtoto yeyote aliyesoma historia ya Maji Maji atakujibu: Mjerumani. Tunajua walikuwapo maakida na majumbe wa nchi hii hii waliomtumikia Mjerumani, wakakamata watu na kuwapeleka bomani. Lakini hakuna mwenye akili anayesimama kusema "Waafrika walimuua Kinjikitile, na damu yake iko juu ya wajukuu wao". Kamba ilikuwa ya serikali ya Mjerumani.

Msalaba nao ulikuwa wa Mrumi. Ndiyo adhabu aliyowapa watumwa na waasi. Stefano alipouawa na watu wa baraza alipigwa mawe, hakusulubiwa. Na huyo Kayafa mnayemtaja kama mfalme wa Wayahudi wote alikuwa kuhani mkuu aliyewekwa kitini na liwali wa Kirumi, Valerius Gratus, aliyemtangulia Pilato. Ukimkosea Mrumi, kiti huna. Fikiria akida mwenye kilemba kikubwa, utakuwa umemwelewa Kayafa. Hatia anayo, simtetei, ila ni yake na ya wenzake wa pale hekaluni.

Na huyu Pilato mpole wa beseni la bluu ametoka wapi? Luka 13 inasema wazi kwamba alichanganya damu ya Wagalilaya na dhabihu zao. Mwanahistoria Yosefo anaeleza kuwa alikuja kuitwa Roma kujibu mashtaka baada ya kuwaua Wasamaria karibu na mlima Gerizimu. Mtu wa namna hiyo hakuwa na moyo wa kutetemeka mbele ya umati wa watu wasio na silaha. Kila Jumapili tunakiri "akateswa kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato". Jina liko pale. Mababa walioiandika kanuni ya imani wangetaka kuweka "kwa mikono ya Wayahudi" wangeweka. Hawakuweka.

Najua mtakimbilia Mathayo 27:25. Haya, tuufungue: "Watu wote wakajibu wakasema, Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu." Watu wote gani? Mtu akirudi msibani akasema mtaa mzima ulikuwa pale, huwa tunapita nyumba kwa nyumba kuhakiki? Ni waliojaa kwenye uwanja wa liwali asubuhi moja. Wakati huo Wayahudi walikuwa wametapakaa Misri, Babeli, Asia Ndogo, mpaka Roma kwenyewe. Matendo 2 inakupa orodha ya nchi walizotoka. Fundi wa viatu wa Aleksandria aliyekuwa anakula Pasaka na wanawe siku ile hakumjua Yesu wala hakusikia kesi yoyote. Yeye naye damu iko juu yake?

Hata Yerusalemu kwenyewe, kwa nini walimkamata usiku? Marko 14 inajibu: waliogopa watu wasifanye ghasia. Yaani wananchi walikuwa upande wake! Luka anasema umati mkubwa ulimfuata njiani na wanawake wakimlilia. Wayahudi hao. Aliyemwomba Pilato mwili wake ni Yusufu wa Arimathaya, mjumbe wa baraza, Myahudi. Nikodemo aliyeleta manemane, Myahudi. Mitume waliotufikishia habari yote hii, Wayahudi. Na aliyekuwa juu ya msalaba, Myahudi, na mamake chini yake. Tukiwapaka masizi tuwapake wote basi.

Tena tuchukulie, kwa ubishi tu, kwamba wale wa uwanjani walijilaani kweli. Tangu lini kelele za umati zinamfunga Mungu? Ezekieli 18 inasema "mwana hatauchukua uovu wa baba yake". Na mwenye damu mwenyewe, akiwa bado anavuja, alisema "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo". Katekista wetu anataka kutuambia sala ile ilikataliwa? Baba alimsikiliza mpiga kelele, akamnyima Mwanawe? Mathayo huyo huyo, sura moja nyuma, anasema damu ile inamwagika kwa ondoleo la dhambi. Papa Benedikto XVI alilieleza vizuri jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2011: damu ya Yesu haisemi lugha ya kisasi. Ikimwangukia mtu inamwosha.

Kuna watakaosema hayo ni maneno tu, hayaui mtu. Yameua.

Mwaka 386 kule Antiokia, Yohane Krisostomo, mtakatifu, mhubiri hodari kuliko wote wa zama zake, alianza kutoa hotuba kali dhidi ya Wayahudi, akiwaita wauaji wa Kristo. Alichokuwa anapigania ni kuwazuia Wakristo wake wasiende kusali sinagogi, maana walikuwa wakienda kwa wingi. Lakini moto ukishawashwa haumuulizi aliyeuwasha alitaka kupikia nini. Mwaka 1096 makundi ya wapiganaji wa msalaba, wakiwa njiani kwenda Yerusalemu, yaliwashukia Wayahudi wa miji ya mto Rhine: Speyer, Worms, Mainz. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tunakwendaje mbali kulipiza damu ya Kristo, na waliomuua tunao hapa hapa? Wakachinja familia nzima. Februari 1349, kwenye tauni kuu, Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto kwa tuhuma za kutia sumu visimani, ingawa Papa Klementi VI alikuwa ameshatangaza mwaka uliotangulia kwamba tuhuma hizo ni uongo. Watu hawakumsikiliza. Walikuwa wameshafundishwa tangu utotoni kwamba watu hawa wanaweza kumuua Mungu, sembuse kisima.

Walutheri msicheke. Martin Luther mwaka 1543 aliandika kitabu kizima akitaka masinagogi yachomwe, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vichukuliwe. Mwaka 1946, kwenye kesi ya viongozi wa Kinazi kule Nuremberg, mchapishaji wa Kinazi Julius Streicher alijitetea kwamba kama ni hivyo basi Luther naye angepaswa kukaa kizimbani. Kwa haki, Walutheri wa Marekani waliyakataa maandishi hayo hadharani mwaka 1994, na si wao tu. Waliomba radhi. Sisi huku tunarusha sauti za WhatsApp.

Mimi Mkatoliki, nirudi nyumbani kwangu, kwa sababu hapo ndipo panaponiuma. Mwaka 1943 Wanazi walimkamata mke na binti wa mwanahistoria Mfaransa, Jules Isaac, yeye akiwa hayupo. Wakaishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mzee yule alibaki na swali moja: ilikuwaje haya yakatokea katika bara lililobatizwa? Akakaa na Injili, akalinganisha kilichoandikwa na kinachofundishwa, akaona ni vitu viwili. Juni 1960, umri ukiwa zaidi ya miaka themanini, alikwenda Vatikani kuonana na Papa Yohane XXIII, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshaliondoa lile neno la kuwaita Wayahudi wasio waaminifu katika sala ya Ijumaa Kuu. Matokeo yake ni tamko la Nostra Aetate, lililopitishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, tarehe 28 Oktoba 1965 kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Linasema yaliyotendeka katika mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kuwabagua, wala Wayahudi wa leo, na kwamba wasielezwe kama watu waliolaaniwa na Mungu. Kardinali wetu Rugambwa wa Bukoba alikuwa mmoja wa mababa wa Mtaguso huo. Yaani si habari za Wazungu huko mbali.

Na wale wanaopenda kusema "hayo ni mambo mapya ya Vatikani II": Katekisimu ya Mtaguso wa Trento, mwaka 1566, ilishafundisha kwamba hatia yetu Wakristo tunaotenda dhambi ni kubwa kuliko ya Wayahudi, kwa sababu wao wangelimjua wasingelimsulubisha, sisi tunakiri kumjua na bado tunamgeuka. Toka 1566! Katekista wangu amechelewa zaidi ya miaka mia nne.

Mkivuka mpaka, karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliacha Ukristo mwaka 1919 akashika dini ya Kiyahudi, akatahiriwa pamoja na wanawe. Idi Amin alikuja kuwapiga marufuku, wakasali kwa kujificha, na wapo mpaka leo, wanalima kahawa kama Mganda mwingine yeyote. Sasa nielezeni: ile damu ya uwanja wa Pilato iliwafikia lini? Siku ya tohara?

Kuna mtu ameshaanza kuandika comment ya Israel na Gaza. Ndugu, fungua uzi wako. Serikali hujibu kwa ilichofanya, yenyewe na viongozi wake, kwa majina na tarehe. Ukiona huwezi kuisema serikali bila kuingiza damu ya Golgotha, jua unachosema ni kitu kingine.

Jumatatu ya Pasaka nilimfuata katekista kwake. Ni mzee wa watu, amenifundisha komunyo ya kwanza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, mama akaleta chai. Nikamwambia, "Mwalimu, yale ya Ijumaa yamenikwaza," nikamtajia Mtaguso. Akaniambia, "Mwanangu, sisi tulifundishwa hivyo na mapadri wenyewe, wewe umesoma hizo za kwenye simu." Nikamuuliza kama pale parokiani wamewahi kuwafanyia makatekista semina ya jambo hili hata siku moja. Akacheka, akasema semina ya mwisho ilikuwa ya michango. Kwa hiyo hasira yangu sasa imehama kidogo, inapanda juu kwa waliomwachia yule mzee kipaza sauti miaka yote bila kumpa hata karatasi moja ya kusoma.

Nikamkumbusha jambo moja, akaweka kikombe chini. Nikamwambia, "Mwalimu, saa tisa ile ile, lilipokuwa linasomwa somo la Mateso, sehemu ya umati nani aliisoma?" Akasema, "Waamini." Ndiyo. Kanisa zima. Mimi, yeye, akina mama wa vigelegele, mpwa wangu na gundi yake kidevuni, tulisimama tukapaza sauti "Msulibishe! Msulibishe!" Imepangwa hivyo kwenye liturujia makusudi, na hakuna Myahudi hata mmoja aliyekuwamo mle ndani.

Hakunijibu. Alisema tu kwamba mwakani atawaambia walimu wa watoto waache yale masizi. Ndevu za katani amekataa kuziondoa, anasema zimegharimu hela.