Naomba ushauri: nawaelezaje wanakijiji sumukuvu wasisinzie?

Habari zenu wakuu. Mimi ni bwana shamba huku Kondoa. Wiki ijayo nina mkutano wa kijiji kuhusu sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu) kwenye mahindi na karanga. Mara ya mwisho nilianza na aina za kuvu, mara inavyodhuru ini, mara mahindi yakaushwe hadi unyevu asilimia 13.5. Dakika ya kumi mzee wa mbele kashaanza kukoroma, kina mama wananong'onezana habari za vikoba.

Kilichowaamsha ni chupa. Nilitia mahindi na chumvi kavu, nikatikisa, chumvi ikang'ang'ania kwenye kuta za chupa: mahindi hayajakauka hayo. Kila mtu akataka kuishika! Safari hii naanza na chupa, asilimia zibaki ofisini.

Kinachonishinda ni swali la bibi mmoja: "Mwanangu, ugali unachemka, hiyo sumu haifi?" Nikamjibu moto wa jikoni hauimalizi, wakaangua kicheko. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, ila sipendi kuwatisha. Sumu haionekani, na wamekula miaka yote. Nyie mngetumia mfano gani hapo?